Mwanafunzi Maskini katika Mji wa Leuven

Jina la Lovanium si geni nchini Kongo. Ndilo lililosomeka kwenye shahada za wale waliosomea juu ya Mlima Amba, mjini Kinshasa, tangu mwaka 1954 hadi mwaka 1971. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni Leuven tu: mji wa Ubelgiji ulio kando ya mto Dijle, mwendo wa kilomita 25 hivi mashariki ya Brussels. Wenye kusema Kifaransa huuita Louvain. Chuo Kikuu cha mji huo kilitimiza miaka 600 mnamo mwaka 2025, na historia yake imekwisha kuandikwa na mabingwa. Sisi katika makala hii tunataka kuchunguza jambo moja tu: mtu asiye na fedha aliishije katika mji ule, naye alifaidi nini ndani yake?

Swali hilo linatuhusu. Anayefika katika mji wa chuo kikuu na fedha kidogo huambiwa atumie akili: atembee kwa miguu, ale mahali wanapokula wanafunzi, ayatazame majengo kwa nje. Ushauri huo ni mzuri, lakini unaficha jambo. Mtu akitembea Leuven bila kutoa hata senti, vitu vingi vinavyomfurahisha viliwekwa pale na mtu aliyemfikiria maskini, au vilijengwa na maskini mwenyewe. Starehe hiyo ya bure ina wafadhili wake, ina sheria zake, na ina tarehe zake.

Leuven haukuanza kama mji wa elimu. Utajiri wake wa kwanza ulitokana na nguo za sufu, na mwaka 1317 ulianza kujengwa Ukumbi wa Nguo katika barabara iendayo Namur. Karne ya 14 haijaisha, biashara hiyo ilikuwa imekwisha kudidimia. Vitambaa vya Uingereza vilishindana na vya Brabant, mafundi waligombana na matajiri hadi damu ikamwagika, na watawala wa Brabant wakahamia Brussels. Ndipo wakuu wa mji, pamoja na Duke Jan IV na makanoni wa kanisa la Mtakatifu Petro, wakamwomba Papa Martin V kibali cha kuanzisha chuo kikuu. Barua ya Papa ilitolewa tarehe 9 Desemba 1425, na masomo yakaanza mwaka uliofuata. Mwaka 1432 sehemu ya Ukumbi wa Nguo ikapewa Chuo. Pale palipopimwa vitambaa pakaanza kusomwa Aristotle.

Nia ya wakuu wa mji haikufichika. Walitaka wageni watakaopanga vyumba, watakaonunua mikate na kunywa bia, ili fedha iliyokimbia pamoja na nguo irudi kwa njia nyingine. Kwa hiyo mwanafunzi aliyetakiwa ni mwenye mfuko mzito. Chuo kwa upande wake kilidai haki zake: mwanachuo ahukumiwe na Rekta wala si na mahakama ya mji, na tena asitozwe ushuru wa mji juu ya divai na bia. Ushuru huo ndio uliokuwa nguzo ya hazina ya mji. Si ajabu kwamba magomvi juu ya mapipa yalidumu sana. Msomaji atakayeona aibu kwamba haki ya msomi ilianzia kwenye kinywaji na akumbuke kwamba maji ya miji ile hayakuwa ya kuaminika.

Lakini maskini nao walikuja. Kila mwanafunzi aliyefika aliandikwa katika daftari la Rekta baada ya kula kiapo na kulipa ada. Sehemu kubwa ya daftari hizo imehifadhiwa, na ndani yake watu wametengwa kwa daraja: waungwana, matajiri, maskini. Neno la Kilatini *pauper* halikuandikwa kwa kumdharau mtu. Lilikuwa na maana ya kisheria: aliyeandikwa hivyo alisamehewa ada au alipunguziwa, kisha akaingia darasani kama wengine.

Mwaka 1530 unatupa mfano ulio bora kuliko maelezo yoyote. Wanafunzi wa Kitivo cha Sanaa walikuwa wakiishi katika nyumba nne zilizoitwa Yungiyungi, Kozi, Ngome na Nguruwe, kila moja kwa picha iliyokuwa alama yake. Mwezi wa Februari aliandikwa kijana wa Brussels, Andreas Vesalius, ambaye baba yake alikuwa mtengeneza dawa wa Kaisari Karl V. Mwezi wa Agosti akaandikwa Gerardus Mercator wa Rupelmonde, mtoto wa fundi viatu, na jina lake likawekwa miongoni mwa maskini wa Ngome. Vesalius naye alikuwa wa Ngome. Basi nyumba moja na mwaka mmoja viliwapokea tajiri atakayetoa mwaka 1543 kitabu kikuu cha maumbile ya mwili wa binadamu, na maskini atakayechora mwaka 1569 ramani ambayo mabaharia wa karne zilizofuata waliifuata. Ramani hiyo ndiyo inayoifanya Afrika ionekane ndogo kuliko ilivyo, tunaijua vizuri. Lakini hayo ni makala nyingine. Hesabu za nyota na ardhi Mercator alifundishwa na Gemma Frisius, yatima wa kutoka Friesland, ambaye miaka michache kabla aliingia katika nyumba ya Yungiyungi akiwa yeye pia mwanafunzi wa daraja la maskini.

Ni nini hasa kilichowawezesha watu hao kuishi? Jibu limo katika maisha ya mwanafunzi mwingine, aliyefika zaidi ya miaka 50 kabla yao. Adriaan wa Utrecht, mtoto wa seremala, aliingia nyumba ya Nguruwe mwaka 1476. Inasimuliwa kwamba hakuwa na fedha ya mishumaa, hata usiku akawa anasoma barazani mwa kanisa, mahali palipowaka taa. Hadithi hiyo ni ya mapokeo, nayo inamweleza mwanafunzi maskini kwa ufupi mkubwa: kitabu anacho, akili anayo, anachokosa ni mwanga, na mwanga ule uliwekwa na watu wengine kwa sababu nyingine. Msaada wa Margareta wa York, mjane wa Duke wa Burgundy, ulimfikisha Adriaan mbele zaidi. Akawa mwalimu, akawa Rekta, akawa mlezi wa Karl V, na mwaka 1522 akawa Papa Adriano VI. Alifariki mwaka 1523. Katika wosia wake aliacha nyumba yake ya Leuven iwe makao ya wanafunzi maskini wa teolojia. Ndiyo iitwayo Koleji ya Papa. Majengo yanayoonekana leo ni ya karne ya 18, lakini wanafunzi bado wanalala humo.

Wosia kama huo haukuwa wa pekee. Maprofesa, makanoni na wajane wenye mali waliacha mashamba, nyumba na kodi zake ili vijana kadhaa wasomeshwe. Kilatini kiliita fedha hiyo *bursa*, yaani mfuko, na ndilo neno lililozaa neno la Kifaransa ambalo kila mwanafunzi wa Kongo analijua. Waswahili wa pwani wangeelewa jambo hili bila tafsiri, maana wao wana wakfu: mali iliyofungwa isiuzwe, faida yake ikatumika kwa kazi iliyotajwa na mwenye kuitoa. Wakfu za Leuven zilikuwa na masharti yake. Mara nyingi jamaa wa mtoaji walitangulizwa, kisha vijana wa kijiji chake, kisha wengine. Kijana mwenye akili asiye na ukoo mzuri aliweza kuachwa nje. Hatusemi basi kwamba mji ule ulikuwa pepo ya maskini. Tunasema tu kwamba umaskini wake ulitarajiwa, na kwamba nafasi yake ilikuwa imeandikwa.

Tena nafasi hiyo haikuwa laini. Mwaka 1500 Jan Standonck, mzaliwa wa Mechelen, alianzisha Leuven nyumba ya wanafunzi maskini akifuata mfano wa koleji ya Montaigu aliyoiongoza mjini Paris. Standonck aliamini kwamba maskini hufundishwa vizuri kwa njaa, kwa baridi na kwa kuamshwa usiku. Erasmus, aliyeonja Montaigu katika ujana wake, hakumsamehe kamwe. Katika maandishi yake alirudia habari za mayai mabovu na vyumba vyenye unyevu, na za vijana wenye vipawa walioharibika afya. Tunaona hapa mawazo mawili juu ya mwanafunzi asiye na fedha. Moja lasema apewe kidogo ili ajue nafasi yake. Lingine lasema apewe kile kile apewacho tajiri.

Wazo la pili lilipata nyumba yake Leuven, na Erasmus mwenyewe alikuwa miongoni mwa wakunga wake. Mwaka 1517 alifariki Hieronymus van Busleyden, mtu wa sheria na mpenzi wa vitabu, akaacha mali ya kuanzisha Koleji ya Lugha Tatu: Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Walimu walilipwa na wakfu, masomo yao yakawa wazi kwa kila mtu, na msikilizaji hakutozwa kitu. Maprofesa wengi wa zamani walilipinga jambo hilo kwa nguvu, kwa kisingizio cha dini. Lakini mtu akifundisha bure karibu na mlango wa mwenye kutoza ada, sababu ya chuki haihitaji teolojia. Koleji hiyo ilikuwa kwenye Soko la Samaki, hatua chache kutoka kanisa la Mtakatifu Petro.

Wakfu hizo zilivunjwa wakati Wafaransa walipoifunga Chuo Kikuu mwaka 1797 na kuitwaa mali ya koleji. Chuo cha serikali kilifunguliwa mwaka 1817 chini ya Waholanzi. Cha Kikatoliki kilianzishwa upya Mechelen mwaka 1834, kikarudi Leuven mwaka 1835. Tunapita haraka juu ya karne hiyo, kwa kuwa kilichotuhusu zaidi kilikuwa kinakaa kimya upande wa kusini wa mji.

Huko liko Begijnhof Kubwa. Tangu karne ya 13 paliishi pale wanawake wajane na wasioolewa, walioshika sala bila kuweka nadhiri za milele kama watawa. Walijitegemea kwa kazi za mikono, hasa za sufu na kufua nguo. Mwenye mali aliweza kupata nyumba yake. Asiyekuwa nayo aliishi na wenzake katika nyumba ya pamoja. Katika karne ya 17 walifika 300 hivi, na nyumba nyingi za matofali mekundu tunazoziona leo ni za wakati huo. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa mahali pale palikabidhiwa tume ya kusaidia wasiojiweza, pakawa makao ya wazee na mafukara, na miaka ikapita paa zikioza. Mwaka 1962 Chuo Kikuu kilinunua kitongoji kizima, karibu hekta tatu, na profesa Raymond Lemaire akaongoza ukarabati wake. Nyumba zikapewa wanafunzi na walimu wageni. Mwaka 1998 UNESCO iliiandika Begijnhof hiyo, pamoja na nyingine 12 za Flandria, katika orodha ya urithi wa dunia.

Sijui sehemu nyingine ya mji ule inayompa mpita njia mengi zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Hakuna tikiti. Mtu huingia langoni, akafuata vijia vya mawe, akavuka madaraja madogo juu ya matawi ya Dijle, akasoma tarehe zilizoandikwa kwenye kuta. Asisahau tu kwamba nyuma ya madirisha yale kuna watu wanaojiandaa kwa mitihani. Kutoka hapo, mwendo mfupi unamfikisha kwenye bustani ya mimea, iliyoanzishwa na Chuo Kikuu mwaka 1738 kwa mafunzo ya waganga, ambayo ndiyo ya kale kuliko zote za Ubelgiji na haina kiingilio. Mwenye miguu mizuri atafika Heverlee kwenye abasia ya Park, iliyoanzishwa mwaka 1129, na kuzunguka mabwawa yake. Nyumba ya Mji, iliyojengwa kati ya miaka 1439 na 1469, ilikusudiwa kutazamwa kwa nje. Sanamu zake 236 ziliongezwa katika karne ya 19. Na siku za mwisho wa juma, wanafunzi wa Kiflamandi wanapopanda treni na mabegi yao kurudi kwa wazazi, mji hubaki mtulivu mikononi mwa wenyeji na wageni wa mbali. Mwafrika aliye mbali na kwao ndiye anayeijua Leuven ya Jumapili.

Yako pia majengo yaliyolipwa na senti za watoto. Usiku wa tarehe 25 Agosti 1914 askari wa Ujerumani waliuchoma moto mji. Waliuawa raia 248, na maktaba ya Chuo Kikuu, iliyokuwa ndani ya Ukumbi wa Nguo, iliteketea na vitabu 300,000 hivi. Mkataba wa Versailles ukailazimisha Ujerumani kurudisha vitabu. Jengo jipya lilisimamishwa kwa michango ya Marekani, kutoka kwa matajiri, vyuo, na shule nyingi ambazo watoto wake walichanga fedha ndogo ndogo. Mwaka 1928 likafunguliwa, kazi ya msanifu Whitney Warren, na majina ya wachangiaji yakachongwa katika mawe yake. Mwaka 1940, mwezi wa Mei, lilichomeka tena katika vita. Vitabu vipatavyo 900,000 vikapotea. Kuta zilibaki na majina yale, na mpita njia aweza kuyasoma kwa kusimama tu barabarani. Mnarani kuna kengele 63, na zikipigwa hakuna anayeulizwa kama amelipa.

Sasa turudi kwetu. Chuo Kikuu cha Leuven kilifika Kongo kabla Wakongomani hawajafika Leuven. Mwaka 1926 kilianzisha shirika la tiba, FOMULAC, ambalo lilifanya kazi Kisantu na baadaye Katana, Kivu. Lakini siasa ya ukoloni haikutaka Mkongomani asome chuo kikuu, isipokuwa aliyekuwa katika njia ya upadri. Ndiyo maana kuingia kwa Thomas Kanza Leuven mwaka 1952 kulikuwa habari kubwa. Alipopata shahada yake mwaka 1956 alikuwa Mkongomani wa kwanza asiye padri kufanya hivyo katika chuo hicho. Kwa miaka ile minne mlango wa daraja la maskini, uliokuwa wazi kwa mtoto wa fundi viatu mwaka 1530, ulimfungukia mtu mmoja wa nchi yetu.

Lovanium ilipofunguliwa Oktoba 1954, ilichukua kutoka Leuven jina, walimu na taratibu za masomo. Mji haikuuchukua. Ilijengwa juu ya mlima, mbali na mitaa ya Léopoldville, na majengo yalikuwa mazuri: kanisa, mabweni, maabara, na tangu mwaka 1959 hata mtambo wa nguvu za nyuklia. Hata hivyo mwanafunzi aliyeshuka mjini hakuwa na Begijnhof wala bustani ya kupitia. Alikuwa na nauli au hakuwa nayo. Jambo la pili lililoachwa nyuma ni mifuko mingi ya wakfu. Leuven ya kale ililisha maskini kwa vyanzo vingi, kimoja kikikauka kingine kinatoka. Juu ya Mlima Amba posho ilitegemea zaidi chanzo kimoja, nacho ni serikali.

Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium walishuka kutoka mlimani kwenda Kinshasa. Miongoni mwa madai yao ilikuwa posho hiyo iongezwe. Askari waliwafyatulia risasi, na wanafunzi waliuawa. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Juni 1971, walipotaka kuwakumbuka wenzao, chuo kilifungwa na wanafunzi wakaingizwa jeshini kwa nguvu.

Wakati huo huo Leuven yenyewe ilikuwa imegawanyika. Ugomvi wa Waflamandi na wenye kusema Kifaransa uliiangusha serikali ya Ubelgiji mwezi wa Februari 1968, na sehemu ya Kifaransa ikaondoka kwenda kujenga mji mpya, Louvain-la-Neuve. Maktaba ile iliyochomwa mara mbili ikagawanywa: vitabu vingi viligawiwa kwa namba zake, vya witiri upande mmoja na vya shufwa upande mwingine, hata juzuu za mfululizo mmoja zikatengana. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alipata udaktari wake Leuven mwaka 1970, katikati ya utengano huo.

Mwezi wa Agosti 1971 Lovanium ikaunganishwa na vyuo vikuu vya Lubumbashi na Kisangani, ikawa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na jina la Kilatini likafutwa. Kitivo cha Fasihi kikahamishiwa Lubumbashi pamoja na walimu wake, Mudimbe akiwa mmoja wao. Wanafunzi waliwafuata huko, na posho ya serikali iliwafuata nayo, ilipopatikana.